Mwano wa Ghala la Pamba

Januari Lubinza alirudi kutoka vita vya Burma na sikio moja. La pili liliungua alipokuwa akiwaburuta wenzake kutoka kwenye lori la petroli, na aliyelicheka alionja kofi lake.

Mwaka 1953 shule ya kati karibu na Nyarugusu ilimpa darasa la nane, vijana wenye ndevu tayari, awafundishe kuzima moto na kuokoa watu, maana migodi ilitaka watu wa kazi hiyo. Akawatambaza kwenye moshi wa pumba hadi wakatapika. Akawabebesha wenzao migongoni hadi mtoni. Na jambo moja akawakataza kabisa: kupiga mwano. Kwa Wasukuma mwano ni ukelele wa kuibiwa ng'ombe. Ukisikika, kila mwanamume anatoka na rungu au mkuki, wala haulizi. Kwa hiyo Januari alitundika kipande cha reli pale shuleni.

"Moto unapigiwa chuma," aliwaambia.

Ghala la pamba jirani na shule likawaka mchana mmoja wa kiangazi, mlinzi Mageni amelala ndani. Thobias, mwanafunzi ambaye Januari alimpenda kama wa kumzaa, akajimwagia maji akaingia. Makoye, mwenzake, akatumwa kugonga reli. Lakini alipoona moto umerukia paa, mafunzo yote yakamtoka. Akapiga mwano, kama baba yake na babu yake.

Wanaume wakaja na marungu, kutoka machungani na mashambani. Mlangoni pa ghala akatokea mtu mweusi kwa masizi, amebeba mwili unaovuja damu kichwani, wakamdhania mwizi aliyeua. Rungu la kwanza likamvunja Thobias taya. La pili likamwangusha yeye na mzigo wake. Januari akajilaza juu ya Thobias, mkono ukamvunjika kama bua la mtama, na alivyonguruma hakuna aliyemsikiliza. Makoye sasa aligonga reli kama mwendawazimu. Nani aliijua reli? Januari alikuwa amewafundisha wanafunzi peke yao.

Aliyewasimamisha ni Limi, mke wa mlinzi. Alipenya katikati ya marungu, akaushika uso wa yule aliyebebwa.

"Huyu ni mume wangu, na anapumua. Huyo mnayemuua ndiye aliyemtoa. Ghala linaungua, au ninyi hamna macho?"

Wakageuka. Ndipo wakaliona.

Thobias alipona, taya likabaki upande, na mgodi ukamchukua hivyo hivyo. Lakini kabla ya hapo, Jumapili baada ya misa, Januari aliwaendea wanaume wale, mkono umefungwa kanga, Makoye nyuma yake na reli begani. Mzee aliyemvunja mkono akamuuliza bila haya: reli iko shuleni, nyumba yake ikishika moto, yeye agonge nini?

Januari akakimeza kiburi chake.

"Piga mwano, baba. Ila waambie waje na ndoo. Marungu wayaache."

"Na akiwa mwizi kweli?"

"Mmwagieni maji."