Chokaa ya Mjane wa Kilimani

Kila Mei, kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, mjane wa nyumba ya mwisho chini ya ngome ya Wamori, Waislamu waliotawala Hispania zamani, hupaka ukuta wake chokaa. Fuensanta, muuza mikate wa mkabala, humwona akikoroga ndoo kwa kijiti kilekile, vidole vimebabuka, akiwaonya watalii wanaopanda kilima: "Piteni kando, wanangu. Chokaa haichagui shati." Mwaka huu alipomaliza ukuta wake hakuondoa ngazi. Aliisogeza hadi kwenye ukuta wa jirani aliyefariki majira ya baridi; kwa miaka ishirini wawili hao hawakupeana hata salamu.

"Bibi, si mlikuwa mmenuniana?" Fuensanta akauliza.

"Bado tumenuniana," akajibu, akachovya brashi.