Jina Alilonipa Bibi wa Lackawanna

Nilipoiona tena ile nyumba ya Lackawanna, mwezi uliopita, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa machozi. Ilikuwa harufu ya majivu na mahindi. Nyumba yenyewe imepakwa rangi ya bluu, inakaliwa na watu wengine kabisa, na mtoto asiyenijua alinikodolea macho kutoka dirishani mpaka nikaona haya, nikajifanya nashughulika na simu. Lakini pua haina adabu, haijali kwamba miaka imepita. Ikanirudisha moja kwa moja jikoni kwa bibi, na mimi sikutaka kwenda huko siku hiyo. Siku hiyo nilikuwa na hasira naye.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana huwezi kuielewa hasira hii kama hujui nilivyompenda.

Bibi huyo hakuwa wa damu yetu. Alikuwa jirani, mama mzee aliyeishi peke yake mlango wa pili kutoka kwetu. Sisi tulifika pale nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, tukitoka kambi ya wakimbizi, na kabla ya kambi milima ya Kivu ya Kusini. Lackawanna, kando ya jiji la Buffalo huko Marekani, ilikuwa imeshazeeka. Viwanda vya chuma vilivyowalisha watu vilikuwa vimefungwa zamani, kilichobaki kufanya kazi bila mapumziko ni upepo wa ziwani. Theluji ya kwanza ilipoanguka mama alikataa kutoka nje, akasema huko si nje, ni ndani ya friji. Siku ya pili ya theluji ndipo mlango ukagongwa, tukamkuta bibi amesimama na kopo la siagi mikononi. Ndani hamkuwa na siagi. Ilikuwa supu ya mahindi meupe na maharagwe, yenye vipande vya nyama ya chumvi, moto bado.

Baba hakujua neno la kumwambia, mama ndiye aliyejua la kufanya. Kwao hakuna chombo kinachorudi kwa mwenyewe kitupu. Kopo likarudi na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Bibi naye, kumbe, alikuwa na tabia hiyo hiyo, akalileta tena na mkate wa mahindi uliochemshwa. Basi kopo lile likawa halina kwao, miaka nenda rudi linavuka ua, hadi mfuniko ukapasuka na mama akaufunga kwa gundi ya karatasi.

Alikuwa mkali, usimfikirie bibi wa kwenye picha. Alipenda mieleka ya televisheni na alimtukana mwamuzi kama vile anamsikia. Alikuwa hapendi watoto wanaoburuta miguu. Lakini baada ya shule nilikuwa kwake, na kazi yangu ilikuwa mahindi. Aliyachemsha na majivu ya kuni mpaka maganda yalegee, kisha akayamimina kwenye kikapu, na mimi nikayasugua chini ya bomba, maji yanatoka kwanza ya kijivu, halafu ya manjano, halafu safi. Vidole vyangu vilikunjamana. Nikilalamika alisema mahindi hayajali kama umechoka. Mama alipoona mara ya kwanza akashangaa mpaka akakaa chini, kwa sababu kwetu majivu huwekwa kwenye kila kitu isipokuwa chakula cha mgeni.

Yeye alikuwa Mseneka. Ndio watu wenye nchi ile tangu hapo, na hadi leo wana ardhi yao mwendo mfupi kusini mwa Lackawanna. Alituonyesha kipande cha kitambaa cheupe alichokikunja vizuri ndani ya kabati, akaeleza kwamba serikali ya Marekani bado huwagawia kitambaa kila mwaka, kwa mkataba wa kale, na wao hukipokea hata kikiwa kidogo kiasi gani ili mkataba usife. Kile kilikuwa fungu la marehemu baba yake. Baba yangu alikishika kwa mikono miwili.

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia. Baba alikuwa shemasi kanisani, na Jumapili baada ya ibada alitusimamisha watoto mbele ya kochi tutaje majina ya baba zetu: yeye, baba yake, baba wa baba yake, kurudi nyuma mpaka kwa mtu ambaye hakuna anayejua alikuwa na sura gani. Ukikosea unaanza upya. Ile sura ya Injili yenye majina ya fulani akamzaa fulani, ambayo wachungaji wengine huiruka, baba aliisoma kwa furaha kama mtu anayekula nyama. Alikuwa akisema, "Ng'ombe tumeacha, nyumba tumeacha. Majina hayana uzito, tutayabeba."

Bibi alianza kuja Jumapili kusikiliza. Siku moja baba aliniambia nimuulize: na yeye, baba yake ni nani? Nikatafsiri. Bibi akaweka kikombe chini, akaanza. Baba yake. Baba wa baba yake. Na yule aliyetangulia. Wote Waseneka, mmoja mmoja, hakukwama popote. Baba alipiga makofi. "Huyu ni mtu," alisema. Tangu siku hiyo bibi hakukosa Jumapili hata moja.

Nilipokaribia miaka kumi alinipa jina. Ilikuwa jikoni kwetu, mchana wa baridi, madirisha yamejaa mvuke wa chungu. Alisema yeye ni wa ukoo wa Kobe na hilo ni jina la kwao, la bibi yake mzaa baba, nami tangu sasa ni mtoto wa Kobe. Aliniwekea mikono mabegani, akalitamka mara kadhaa kwa Kiseneka, akanifanya nilirudie. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani kwa ajili ya shughuli hiyo. Bibi alipomaliza, baba akasema, "Amina."

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Utajua kwa nini.

Ningependa ujue tu jinsi lilivyonisimamisha. Shuleni nilikuwa yule mtoto wa kambini mwenye viatu vya kupewa. Lakini nilipokuwa nikitembea nilijua kwamba nchi hii, hii hapa chini ya theluji, ina watu wake, na watu hao wamenipokea. Mtoto gani wa mkimbizi aliwahi kupewa kitu kama hicho?

Baadaye baba alipata kazi ya ghala huko Columbus, tukahamia kitongoji chake cha Whitehall. Bibi alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na theluji ilikuwa imefunga barabara, hatukumzika. Baba naye alifuata nikiwa chuoni. Mimi niliolewa Louisville, ndiko ninakoishi, mtaa wa Beechmont, na nilipojaliwa binti nilimpa lile jina. Ana jina la ubatizo pia, lakini hilo liko kwenye vyeti. Nyumbani, kanisani, kwenye basi la shule, anaitwa kwa jina la bibi.

Ni yeye aliyeanzisha haya yote. Mwaka huu aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, huyo mwenye jina alikuwa nani hasa. Nikaona aibu kwamba sina jibu zaidi ya chungu na mieleka. Nikaanza kukaa maktaba kila Jumamosi. Zipo orodha za kale ambamo serikali iliwahesabu Waseneka, zimepigwa picha, unazisoma kwenye kompyuta kwa mwandiko wa makarani waliokufa zamani. Nikampata baba yake bibi akiwa mtoto mdogo. Nikampata babu. Nilifurahi peke yangu mpaka mtu wa meza ya pili akaniangalia. Bibi mwenyewe sikumwona popote, nikasema makarani ni makarani, wamemruka. Nikachora ukoo mzima kwenye karatasi kubwa kama baba alivyotufundisha, nikampitia mama huko Whitehall, tukaenda Buffalo kuukamilisha.

Kwenye ardhi ya Waseneka tulielekezwa kwa mama mmoja mzee anayetunza kumbukumbu za koo. Alitupokea vizuri, akatupa kahawa. Nilipotandaza karatasi yangu aliitazama kwa muda, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Umechora wanaume tu," alisema. "Wanawake wako wapi?"

Nikamwambia kwetu ukoo unafuata baba.

"Kwetu unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ikiwa mama yake si Mseneka, mtoto haandikwi. Huyu unayemtafuta namjua. Baba yake alikuwa kaka wa mama yangu. Mama yake alikuwa Mpolandi wa hapo Lackawanna, mtoto wa wafanyakazi wa chuma. Makarani hawakumruka."

Nilimwambia, lakini yeye alikuwa wa ukoo wa Kobe. Yule mama akatikisa kichwa polepole. "Mimi ni Kobe. Yeye alikuwa akija kwenye sikukuu zetu akiwa msichana, ameshikwa mkono na baba yake, na watu wakikaa kwa koo zao alikuwa hana pa kukaa. Angeweza kuomba apokewe, watu huomba. Hakuomba. Alikuwa na kiburi."

Ndipo nikasema jina, nikamwambia lilivyonifikia, na kwamba binti yangu ndilo analoitwa. Yule mama aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Majina ni ya ukoo. Wanawake wa ukoo ndio wanaoyatoa, na hatuliweki jina moja juu ya watu wawili walio hai. Hilo ndilo analoitwa mjukuu wa dada yangu. Yuko darasa la tatu. Hatutakushitaki kwa ajili ya jina, mwanangu. Lakini lina mwenyewe."

Darasa la tatu. Sawa na wangu.

Niliendesha gari mpaka Lackawanna, nikasimama mbele ya ile nyumba ya bluu, na hapo ndipo harufu ikanijia kama nilivyokueleza. Niliporudi garini nilimwambia mama, yule bibi alitudanganya sote. Mama alikuwa anakunja na kukunjua leso yake.

"Sote nani? Baba yako alikuwa anajua."

"Alijua nini?"

"Alijua yote. Ule mama alikuja siku moja wewe uko kwa masomo, akatuonyesha photo ya mama yake. Muzungu, amefunga kitambaa kwa kichwa. Alilia, akasema kwao mtoto anafuata mama, yeye hawamuhesabu. Donc baba yako akamwambia na Kingereza yake kidogo, usilie, mtoto ni wa baba yake, wewe ni Museneka kamili. Kwisha."

"Na ile siku ya jina? Alisema Amina!"

"Bon, alisema. Ungetaka mi nibishane na baba yako mbele ya mugeni?"

Kutoka hapo mpaka Whitehall sikumjibu mama yangu hata neno, na mimi si mtu wa kununia mzazi. Bibi peke yake ningemsamehe kabla ya kufika Cleveland. Lakini baba! Mtu aliyetuanzisha upya kwa kukosea jina la mtu aliyekufa kabla ya barabara kuchongwa, alisimama na koti lake la kanisani akatazama mtoto wake akivikwa jina lisilokuwa la mtoaji, akaibariki kazi hiyo. Walinipa kitu cha watu wengine, nikajivunia utoto wangu wote, nikamrithisha mwanangu.

Najua kwa nini bibi hakukosa Jumapili. Duniani kote hapakuwa na chumba kingine ambamo alikuwa Mseneka mzima. Wazungu walimwona Mhindi Mwekundu, Waseneka walimwona mtoto wa Mpolandi, na sisi tulioshuka juzi kwenye ndege, kwa hesabu yetu ya baba, tulimkamilisha. Alikuja kukaa ndani ya kosa letu kama mtu anayekaa karibu na jiko. Nalijua hilo, na bado nimekasirika. Jiko lenyewe limeshazimika. Baba hayupo, bibi hayupo, kopo la siagi sijui lilitupwa na nani, na zile Jumapili nilizokuwa nikizirudia kichwani kila dunia iliponielemea, sasa nikizigusa namwona baba ananitazama akijua.

Niliingia Beechmont jioni. Binti yangu alikuwa uani na wenzake wanaruka kamba, amenipa mgongo. Kila siku nikishuka garini namwita kutoka mbali naye hunikimbilia. Nilifungua mdomo, na lile jina likaja lenyewe mpaka kwenye meno, nikalifungia hapo.

Nikamwita kwa jina la ubatizo. Hakugeuka. Aliendelea kuruka, akidhani anaitwa mtoto wa mtu mwingine.