Lile Gemu la Lugaluga Tunalolisubiri

Kama ulikulia Katoro miaka ya tisini, na kama ulikuwa mtoto wa kutumwa sabuni asubuhi ukarudi nayo watu wameshamaliza kufua, huna haja ya kunieleza ulikuwa wapi. Ulikuwa kwa Baba Karim, kwenye kile chumba cha nyuma ya duka la vitenge, umebanwa katikati ya watoto wanaonuka jasho na karanga, ukisubiri zamu yako ya kushika pedi ya gemu. Hata mimi nilikuwemo. Naitwa Doto, na aliyekuwa akinisukuma kwa kiwiko pale benchini ni Kulwa, kaka yangu pacha, aliyenitangulia kuzaliwa kidogo tu na hakuacha kunikumbusha.

Umeme ulikuwa haujatufikia. Karim, mtoto mkubwa wa mwenye duka, alileta mashine ya gemu kutoka Mwanza akaiunganisha na televisheni yao, jenereta likinguruma uani. Televisheni yenyewe ilikuwa mgonjwa wa rangi. Miti ilionekana ya zambarau, maji ya waridi, na sisi tukaamini ndivyo ilivyo. Kaseti zilikuwa kadhaa, lakini tulitaka moja tu, ya njano, yenye askari wawili, mwekundu na wa bluu, wanaokimbia msituni wakimwaga risasi. Jina lake lilikuwa la Kichina au la Kijapani, nani angejua! Tuliliita Lugaluga, kwa sababu bibi yetu alipotukuta tumejibanza nyuma ya kihenge cha mahindi tukifyatuliana risasi za mdomo, alilalamika kwamba nyumba yake imevamiwa na lugaluga, wale wapiganaji wa watemi wa zamani.

Mama alikuwa akiuza dagaa wa Nkome sokoni, na alikuwa na swali lake lile lile: “Hiyo bunduki yenu ya huko dukani imeua hata njiwa mmoja tukapata kitoweo?” Tulijaza michembe ya viazi vikavu mifukoni tukatoka mbio, maana zamu haimsubiri mtu.

Lugaluga halikuwa kama haya magemu ya watoto wa leo. Mwanangu Emanueli akifa kwenye simu yake anafufuka papo hapo, tena mahali alipofia, kama vile kifo ni kupiga chafya. Sisi ukifa ulirudi mwanzo, ukatoka benchini, ukaenda nje kutafakari maisha yako. Na mwisho wa gemu kulikuwa na geti la chuma, lenye mzinga juu yake, ambalo hakuna mtoto wa Katoro aliyewahi kulivuka. Tuligombana sana juu ya kilichokuwa nyuma yake. Karim alisema ni ikulu. Mimi nilisema ni nyumbani kwao wale askari, na mama yao amepika. Kulwa alikataa kubahatisha. “Mimi nitaingia nione,” alisema, kana kwamba anazungumzia kwenda kisimani.

Sasa, mnajua sisi Wasukuma na mashindano. Baada ya mavuno wacheza ngoma hugawanyika, Bagika huku na Bagalu kule, wanacheza wakati mmoja, na kila upande una dawa yake ya kuvuta watazamaji. Basi na sisi tukajigawa vivyo hivyo. Kulwa na mimi tulikuwa manju, yaani viongozi wa ngoma, wa upande wetu, na siku moja ya likizo tukaingia uwanjani kulivunja lile geti, watoto wamejaa mpaka dirishani.

Tulicheza siku ile kama watu waliopagawa. Kulwa alikuwa mwekundu, mimi bluu. Hatukusemeshana, akiruka nainama, nikiinama anaruka. Mzinga ukalipuka. Geti likatikisika, likaanza kufunguka polepole, mwanga mweupe ukachungulia katikati, na hapo picha ikageuka kuwa mistari. Mistari ya rangi zote, halafu giza.

Baba Karim aliifungua mashine, akanusa, akauliza kwa ukali, “Nani amekaanga chapati humu ndani?”

Alikuwa Ng'wandu, rafiki yetu, mtoto wa kiongozi wa ngoma. Kabla hatujaanza alijitolea kuipuliza kaseti, kama tulivyofanya sote kuondoa vumbi, na akaitumia nafasi hiyo kuipaka dawa ya baba yake iliyochanganywa na samli, ili tushinde. Mashine ilipopata joto, samli ikayeyuka, ikatiririka ndani taratibu, kaseti ikaungua. “Lakini dawa ya baba haijawahi kushindwa,” alilia maskini, na kwa haki kabisa, geti lilikuwa limefunguka.

Karim aliitafuta kaseti nyingine Mwanza, akaagiza watu Kahama. Hakuna. Mpaka leo hakuna.

Tunalo kundi letu la simu, Lugaluga Irudi. Humo kuna dereva wa lori, muuguzi, mwalimu mkuu na mchungaji mmoja ambaye huanza kila ujumbe kwa sala. Ng'wandu naye yumo, tunamwita Mganga. Kila baada ya muda mtu anaibuka: imeonekana Kariakoo, ina rangi ya njano! Au wenye gemu lao wanataka kulitoa upya. Basi siku hiyo watu wazima hatufanyi kazi. Nachungulia simu nikiwa jikoni, nachungulia kanisani. Halafu inakuwa si yenyewe. Juzi Emanueli alinionyesha gemu moja la zamani, askari wawili, mwekundu na wa bluu, nikamnyang'anya simu. Lakini miti ilikuwa ya kijani, nikamwambia siyo. Usingizi ukanipaa baadaye nilipoikumbuka ile televisheni mbovu. Nilipomwambia anionyeshe tena, alikuwa ameshalifuta. “Lilikuwa linaboa, mama.”

Mtauliza, mtu mzima unahangaikia nini? Nahangaika kwa sababu ya Kulwa. Yeye aliingia kwenye machimbo akiwa kijana, akaponda mawe miaka mingi bila kitambaa puani, na vumbi limekaa kwenye mapafu. Daktari hakutuficha. Sasa anaishi Runzewe, akifunga kamba za viatu anahema kama aliyepanda mlima. Nikimpigia, hanisalimu kwanza. “Umelipata?” Nachukia kujibu, “Bado.”

Mwezi uliopita nilikwenda kwake mikono mitupu. Mkewe, Mama Neema, alitupa viti kibarazani. Kulwa akauliza swali lake, nikashindwa kusema “bado.” Badala yake nikasema, “Mimi bluu. Tumetua msituni. Askari watatu, kulia.”

Alinitazama. Kisha akainua vidole gumba, pedi isiyokuwepo mkononi. “Inama,” akasema.

Tulilicheza lote kwa mdomo. Daraja, mto wa waridi, mapango. Alikuwa hajasahau hata kichaka kimoja. Mama Neema alisimama mlangoni na mwiko wake, akidhani tumerukwa na akili. Mzinga ukalipuka, geti likaanza kufunguka, nikamwambia, “Haya, ingia uone.”

Kulwa alishusha vidole. Alihema muda mrefu, nami nikatazama barabarani ili asione macho yangu.

“Tusiingie leo,” alisema. “Utakuja lini tena?”

Sasa ninakwenda kila Jumapili baada ya ibada, na tunaanza upya kutoka msituni. Utotoni tulikuwa tukikimbizana kulifikia lile geti. Siku hizi tukilikaribia, mmoja wetu hujifanya amesahau njia, na mwenzake hamkumbushi.