Shati la Kuzuia Vikombe

Minza wa kijiji cha Mwamkulu alikuwa na mtoto mmoja tu, Lyamba, na huyo mmoja akafia Dar es Salaam kwa ajali ya pikipiki. Walimrudisha nyumbani wakamzika. Tanga lilipoanuliwa, nguo zake zikagawiwa ndugu kama desturi inavyotaka: koti kwa baba mdogo, suruali kwa mabinamu, viatu kwa yule vilivyomtosha. Mama hapewi nguo ya mwanawe wa kiume, ataivaa wapi? Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini wageni walipoondoka, Minza alijikuta hana hata leso iliyowahi kugusa mwili wa mwanawe.

Ndipo kifurushi kikafika. Lyamba alikituma wiki yake ya mwisho, nacho kikazunguka, Mungu ndiye ajuaye wapi. Kijana yule alikuwa na utani na mama yake. Kila akija likizo alimwambia, "Mayu, hicho kikombe cha plastiki panya wameshakionja, wewe unakunywea nini?" Basi akaviona vikombe vyeupe vya udongo kwenye duka la mtandaoni, akavinunua, akavipeleka mwenyewe ofisi ya vifurushi na kuvilipia bima.

Minza alifungua boksi akiwa peke yake. Vikombe vyote vilikuwa vigae. Katikati ya vigae, limekunjwa kwa uangalifu ili vikombe visigongane, kulikuwa na shati la drafti la Lyamba, lile la kazini. Halikuwa limefuliwa. Minza alilipeleka puani, akalia kilio ambacho msibani kilikuwa kimegoma kutoka. Tangu siku hiyo akawa analala nalo, na majirani wakasema mama Lyamba sasa anapata nafuu.

Laiti angeishia hapo! Lakini shemeji yake, Method, mtu ambaye hakuna shauri duniani lisilomhusu, akaliona lile boksi.

"Shemeji, si bima ililipwa? Hilo ni jasho la Lyamba. Ukiacha lipotee hivi hivi, utakuwa umemtupa mtoto."

Neno hilo lilimchoma. Asubuhi akapanda bodaboda hadi Mpanda mjini, boksi mapajani. Kwenye kaunta ya ofisi ya vifurushi alimkuta Dorice, binti mpole, ambaye alitazama risiti aliyoituma Lyamba kwenye simu ya mama yake, akasoma cheti cha kifo, akampa pole.

"Utaacha boksi na vyote vilivyokuwemo, mama. Mkaguzi ataangalia kama mzigo ulifungwa vizuri."

"Kulikuwa na shati pia. Lipo nyumbani."

"Ndilo lililozuia vikombe?"

"Ndiyo."

"Basi na lenyewe ulilete. Likikosekana watasema havikufungwa, watakataa madai."

Mwingine angejifanya hakusema kitu. Minza hakulelewa hivyo. Kesho yake akalileta. Wala hakuona hatari. Kwetu ukimpelekea fundi redio, ataifungua, ataichokonoa, na akishindwa atakurudishia yote, hata skrubu mbovu ndani ya kimfuko. Minza akadhani mkaguzi naye ni fundi tu: ataangalia, ataridhika, atarudisha. Aliomba jambo moja.

"Msilifue tu, mwanangu."

"Hatufui, mama," Dorice akatabasamu, akamwonyesha mahali pa kusaini.

Usiku bila lile shati ulikuwa mrefu. Minza alijipa moyo kwamba mvumilivu hula mbivu, akangoja. Hatimaye fidia ikaingia kwenye simu yake, na Method akashangilia utadhani ametoa yeye. Minza hakuigusa ile hela. Alijifunga kitenge chake kizuri, akaenda mjini kuchukua shati.

Dorice alimtazama kama mtu asiyeelewa, kisha akaelewa, na uso ukambadilika.

"Mama, mtu akishalipwa, mzigo unakuwa wa kampuni. Vilivyoharibika vinateketezwa. Vya kwako vilishateketezwa, kule Tabora."

"Vigae, sawa. Na shati?"

"Lilihesabiwa kama kifungashio." Binti akainamia kaunta. "Nilidhani ni shati la kufungia tu, mama. Ungeniambia."

Minza alitaka kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja ni ule uchovu wa siku ya mazishi, wote, tangu mwanzo. Akaweka simu yake juu ya kaunta, akaisukuma kwa vidole viwili.

"Chukueni hela yenu. Mimi nilikuja kudai vikombe. Shati la mwanangu sikuwauzia."

Dorice akamwambia, huku machozi yakimlengalenga, kwamba fidia ikishatoka hairudi. Nyuma yao mtu aliyebeba mzigo akauliza kama zamu yake imefika. Minza akaichukua simu, akasogea kumpisha.