Daftari la Mvua la Wamagana

Leo nimemfokea mzee aliyefiwa, na mimi sikujua.

Utafiti wangu wa shahada ya udaktari unakadiria mvua ya Nyeri yote kutoka kwa vipimo vya wakulima wachache. Mmoja akikosea, ramani yote ya upande wake inapotoka. Cucu mmoja, bibi mzee wa Wamagana, ndiye aliyekuwa makini kuliko wote.

Asubuhi nimeenda shambani kwake kuchukua daftari lake la vipimo. Mumewe akanipa. Nikafungua nikakuta namba ile ile tu, kila siku, wiki baada ya wiki. Hata siku za jua kali!

"Guka, hii ni mchezo gani? Cucu ako wapi?"

"Tulimzika, daktari."

(Hata sijahitimu, jamani.)

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nani amekuwa akiandika?"

"Ni mimi. Sijui kusoma. Naangalia ile aliandika mwisho, naandika kama hiyo. Alisema kitabu yako isikae bila kitu."

Nililia hapo hapo shambani. Yeye aliyefiwa ndiye aliyenibembeleza.

Sasa niko kwangu Ruring'u. Kitaalamu, hizo siku lazima nizifute. Nimefungua faili mara nne, nimeshindwa.

Nyinyi mngefuta?