Jogoo wa Shukrani kwa Kazi Niliyokuwa Sijaikubali

Hadi leo nikipita mbele ya kanisa letu kule Old Moshi huwa naweka simu sikioni na kujifanya naongea, hata kama imeisha chaji, maana najua lazima atokee mtu wa kuniuliza, "Aika, jogoo hajambo?" na mimi sina jibu zaidi ya kucheka kama mtu anayebanwa na kiatu. Nimeona bora niieleze aibu hii mwenyewe kuliko kuwaachia watu, kwa sababu kila anayeisimulia anaongeza chumvi (juzi nimesikia kwamba nilizimia, sikuzimia, nilichuchumaa tu).

Mimi kazi yangu ni kukaanga kahawa. Sijaisomea popote, cheti changu kikubwa ni cha kipaimara. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kuunguza kahawa ya baba kwenye kikaango cha mama mpaka nikafukuzwa jikoni, halafu mama mmoja wa Moshi mjini, Mama Upendo, mwenye kiwanda kidogo cha kukaanga na kufungasha, akanipa nafasi. Mama Upendo ni mtu wa kufoka. Ukikosea anafoka, ukipatia anafoka kwamba mbona jana hukupatia. Na mimi ni mtu ambaye nikifunga pakiti ikakaa upande kidogo silali, kwa hiyo tulifanana, yeye akinigombeza kwa mdomo na mimi najigombeza moyoni, kazi inakwenda.

Nyumbani, lakini, nilikuwa na mchezo. Kila nikirudi mama alikuwa akinipokea na swali moja, "Leo kasemaje?" nami namwigiza Mama Upendo akionja kahawa: mkono mmoja kiunoni, macho yamefumbwa, anaivuta kahawa kwenye kijiko kwa mlio kama wa bomba lililoingia hewa, kisha anafumbua jicho moja na kuuliza, "Nani kaniulia kahawa yangu?" Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mgomba. Hakuwahi kumwona Mama Upendo kwa macho, alimjua kwa maigizo yangu tu. Kumbukeni hilo.

Sasa mkahawa mmoja mkubwa wa Arusha ukanitafuta. Walikuwa wamenunua mashine mpya na wanataka mkaangaji mkuu, na sijui nani aliwaonjesha kahawa yangu. Nilipomwambia Mama Upendo alifoka siku nzima, akafoka na kesho yake, Ijumaa akaja kimya (ukimya wake unatisha zaidi) akaniambia atanilipa kama Arusha watakavyonilipa, nitakuwa msimamizi, na ile kahawa nzuri ya mlimani itatoka na jina langu kwenye pakiti. Jina langu. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Arusha nao nilikuwa nimeshawaambia Jumatatu.

Basi nikaanza kuumwa. Nikikaa nasema nabaki, nikisimama nasema nakwenda. Nikatunga hotuba mbili, moja ya kubaki na moja ya kuondoka, zote za unyenyekevu mkubwa, nikawa nazifanyia mazoezi kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, ng'ombe wananitazama. Kwa kweli nilichokuwa naogopa si kazi hii wala ile. Niliogopa kuchagua, halafu nigundue nimechagua vibaya na hakuna wa kumlaumu.

Jumamosi mchana mama akaona sijagusa mtori. Akaniuliza nina nini. Na hapo ndipo nilipofanya kosa dogo lililozaa mengine yote: nikamwambia nusu. Nilimwambia habari za Arusha, za Mama Upendo kunibembeleza nikaziacha, kwa sababu angeanza kuuliza maswali na maswali hayo nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe nikakosa majibu. Nikamwomba kesho tupeleke kitu kanisani, kimya kimya, tumshukuru Mungu na tumwombe anionyeshe njia.

"Kimya kimya," mama akasema, huku anamtazama jogoo wetu mwekundu.

"Bila kutaja sababu, mama."

"Nimekusikia, mwanangu. Mimi siyo kiziwi."

Kiziwi siyo. Lakini mnajua minada yetu. Ibada ikiisha tunatoka nje, na vile vilivyoletwa kama sadaka, ndizi, mayai, miwa, kuku, vinanadiwa pale uwanjani, na kitu kisicho na habari yake hakipandi bei. Jogoo mtupu ni jogoo, jogoo mwenye habari ni mnada. Mama kabla ya ibada alimnong'oneza mzee wa kanisa, Mzee Eliamani, ambaye ndiye mnadishaji, na kumnong'oneza Mzee Eliamani ni sawa na kupanda juu ya mnara wa kengele.

"Jogoo huyu ana habari," akaanza Mzee Eliamani mnadani, amemwinua juu kwa kumshika miguu. "Binti yetu Aikande amepata kazi kubwa Arusha. Anaanza wiki ijayo. Aika, njoo umshike jogoo wako watu wamwone vizuri."

Wiki ijayo hiyo sijui ilitoka wapi. Vigelegele vikapigwa, nikasukumwa mbele, nikakabidhiwa jogoo, nikasimama nimemkumbatia huku nimevaa tabasamu la picha ya pasipoti. Na ndipo nikaiona pikapu nyeupe ninayoifahamu inaegeshwa nje ya uzio, na Mama Upendo anashuka, amevaa suti ya kitenge, mkononi ana jani la isale.

Kwa msiojua, isale kwetu si jani la kuchezea. Ukimkosea mtu unamwendea na isale, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Mama Upendo alikuwa amekuja kuniomba radhi kwa kunifokea, mbele ya wazazi wangu, kwa heshima zote, ili nibaki. Nyumbani alikuta mlango umefungwa, jirani akamwelekeza kanisani.

Mimi niko mbele na jogoo, siwezi kuondoka. Nikamwona anauliza mtu, mtu anamwonyesha mama yangu. Mama akamtazama yule mgeni, kitenge cha maana, pikapu, anamtafuta mama wa Aika, na siku hiyo hiyo ya kutangazwa kazi, akajumlisha mwenyewe na jibu lake likawa Arusha. Nikaona anamshika mikono yote miwili. Nikaona mdomo wake unakwenda, wa Mama Upendo haupati nafasi. Sikuwa nasikia neno hata moja kwa kelele za mnada, lakini baadaye nilisimuliwa na mwanakwaya mmoja aliyekuwa karibu (na ambaye hajaacha kusimulia) kwamba mama alisema, "Karibu sana dada yangu, nitunzie binti yangu. Huko Moshi alikuwa na mama mmoja, weee, acha tu."

Halafu nikaona mama anaweka mkono kiunoni.

Nikasema moyoni, hapana mama. Akafumba macho. Akainua kijiko ambacho hakipo, akaivuta kahawa ambayo haipo, mashavu yakaingia ndani, na hata pale nilipokuwa, katikati ya kelele zote zile, naapa niliusikia ule mlio. Kisha akafumbua jicho moja. Alikuwa amepatia kuliko mimi.

Mama Upendo hakucheka. Aliligeuza lile jani mkononi mara mbili tatu, kisha akainua sauti kutoka kule nyuma, "Naongeza."

Watu wakageuka. Mzee Eliamani akafurahi, mgeni ananunua. Mtu mwingine akaongeza, Mama Upendo akaongeza juu yake, na kila akiongeza anasogea hatua mbele na macho yake yako kwangu, si kwa jogoo. Na hapo akili yangu ikafanya kitu ambacho hadi leo sijakielewa: nikanyoosha mkono na mimi nikaongeza.

"Aika," Mzee Eliamani akaniambia kwa upole, "jogoo ni wa kwako. Ukimnunua wewe, ni kama umejitembelea ukajikaribisha chai."

Uwanja mzima ukacheka. Jogoo akaenda kwa mgeni, na mgeni akaombwa ajitambulishe.

"Bwana asifiwe," akasema Mama Upendo.

"Amina."

"Mimi ni Mama Upendo, nina kiwanda cha kahawa hapo mjini. Aikande ni mfanyakazi wangu." Akamgeukia mama yangu. "Mimi ndiye ninayeuliwa kahawa."

Waliokuwa karibu na mama waliangua kicheko kabla hawajajizuia. Mama mwenyewe aliketi juu ya gunia la mahindi la mtu, akajifunika uso kwa khanga. Mama Upendo akaja mpaka mbele yangu akaninyooshea isale, akasema, "Wiki hii nilikufokea kupita kiasi. Nimekuja kuomba radhi. Sikujua na wewe una deni lako."

Mimi badala ya kupokea jani kama binadamu, nikamwachia jogoo, nikakimbia mpaka kwenye uzio wa kanisa (uzio wenyewe wote ni masale), nikavunja jani, nikarudi nikachuchumaa na kumnyooshea na yeye la kwangu. Hapo ndipo wanaposema nilizimia. Tukabaki hivyo, kila mmoja ana jani amelielekeza kwa mwenzake. Wakati huo huo mama naye anafika anahema, ana majani mawili, nadhani kwa kuhofia moja halitatosha.

"Sasa hapa," Mzee Eliamani akasema, "nani anamsamehe nani?"

"Na jogoo anaelekea kwa mchungaji," sauti ikatoka nyuma.

"Pole sana dada yangu," mama akasema. "Mimi nilidhani wewe ni wa Arusha."

"Nimeona," akajibu Mama Upendo. "Na ungekuwa umekosea kuniigiza ningekwambia. Hivyo ndivyo ninavyoonja hasa."

Akayapokea majani yetu yote matatu, mimi nikapokea la kwake kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Nikadhani yameisha. Lakini yeye akaniinua kwa kiwiko, akasema, na safari hii bila kufoka, "Tumesameheana. Lakini kusameheana ni jambo moja na kazi ni jambo lingine, sitaki mtu abaki kwangu kwa ajili ya jani. Unabaki au unakwenda?"

Zile hotuba zangu mbili zikatoka zote kwa pamoja. Nilianza na ile ya kuondoka nikamalizia na ile ya kubaki, nikajisikia nasema ninamshukuru kwa malezi yote aliyonipa na kwamba nitaendelea kuyapokea kwa moyo mmoja nikiwa Arusha nikiwa hapa. Watu wakatazamana. Mama akasema taratibu, "Aika, jibu swali."

Basi kikatoka kile ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi. Nikasema, "Nataka kwenda. Ila naogopa, kule hakuna wa kunifokea. Nikiharibu nitajuaje?"

Jogoo alikuwa akikwangua majani pembeni. Mama Upendo akaweka mkono kiunoni.

"Kwa hiyo ulitaka ubaki nikufokee."

"Ndiyo, mama."

"Kahawa ikiungua inanuka, mwanangu. Haimsubiri bosi." Akajifuta jicho kwa ncha ya kidole, haraka, kama mtu aliyeingiwa na mdudu. "Nenda. Mimi jina kwenye pakiti nitaweka la mtu mwingine, na nitamfokea hivyo hivyo."

Kisha akauliza nani atamsaidia kumkamata jogoo wake, kwa sababu amemnunua kwa bei ambayo angepata mbuzi.

Nilikwenda Arusha. Siku ya kwanza niliunguza, ikanuka, nikajua, nikatupa, nikaanza upya. Hakuna aliyefoka. Nililia kidogo stoo halafu nikaendelea, na siku hizi naharibu mara chache, na nikiharibu sitafuti mtu wa kuniambia. Nimejifunza kwamba mtu akikupa kazi na mwingine akikuzuia usiende, uwajibu wote wawili kabla hujafika nyumbani, na mama mwambie habari nzima au usimwambie kabisa, nusu ndiyo inayoua. Kuigiza mabosi nimeacha. Mama yeye hajaacha, tena sasa yeye na Mama Upendo ni marafiki, wanapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada na anayezungumzwa ni mimi.

Wiki iliyopita bosi wangu wa sasa aliniuliza kwetu ni wapi hasa, angependa siku moja apande awaone wazazi na autazame mlima kwa karibu. Lami inafika karibu kabisa na geti letu. Nimemwambia barabara ni mbovu sana, hata pikipiki hazipandi.