Rilei Iliyonyamaza: Mzigo wa Fundi Pankras

Saa mbili na nusu asubuhi, Pankras Ndunguru anafungua kabati la chuma katika kituo cha kupozea umeme nje kidogo ya mji wa Mbinga. Anapuliza vumbi, anainamia kisanduku chenye taa tatu ndogo. Ni rilei, mlinzi wa laini kubwa ya kwenda kijiji cha Ukata.

"Hii inahesabu," anasema fundi huyu mwenye miaka thelathini na minane. "Umeme unaotoka kwa nyaya tatu unarudi kwa nyaya hizo hizo. Ukipungua, kuna unaopotelea ardhini. Hapo rilei inaamuru swichi ikate."

Agosti iliyopita haikuamuru.

Waya ulikatika ukaangukia shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Udongo mkavu hupitisha umeme kidogo mno. Siku ile zilipotea ampea sita tu. Rilei ilipangwa kushtuka zikifika ishirini. Waya ulilala pale ukiwa na umeme kwa saa nzima, hadi Gertruda Kapinga, mama wa watoto wanne, alipopita akienda kuchuma kahawa. Hakufika.

Aliyeipandisha rilei kutoka tano hadi ishirini ni Pankras. Masika, matawi yakigusa nyaya, rilei ilikuwa ikikata umeme mara nne kwa siku. Wenye mashine za kusaga wakalalamika, wakubwa wake kazini wakaagiza ipandishwe.

"Niliandika kwamba kiangazi itakuwa hatari. Kisha nikapandisha. Mkono ni wangu."

Alikwenda msibani. Mume wa marehemu, Mzee Adrian, aliitikia shikamoo yake, akamsogezea kigoda.

"Mwanangu, hicho chombo chenu hakikumwona mke wangu?"

"Hakikumwona, baba. Mimi ndiye niliyekifumba macho."

Mzee hakumfukuza. Wala hakumwambia amemsamehe.

Tangu hapo, anasema mkewe Lidia, Pankras akisikia simu huweka kijiko chini na chakula hakimalizi.

Baada ya barua zake tatu, wakubwa wamekubali. Leo anairudisha rilei hadi tano. Jumapili, misa ikiisha, huzunguka vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, akiwaonya watu: waya ukianguka, kaa mbali hatua thelathini, piga simu, hata ukiuona umetulia kama kamba.

Kigango cha Ukata bado hajakifikia.

"Nitakwenda kabla kahawa haijaiva. Mzee Adrian hukaa benchi la mbele. Sijui nitasemaje. Ila nitaanza na jina la mkewe."